Dinari Mia kwa Mejdub

Kazi yangu ilikuwa kupaza majina ya wenye fedha.
Pale Sidi Bel Abbes, kwenye harusi za juu ya paa,
aliyetaka kumtuza mwimbaji alininong'oneza,
nami nikaukata wimbo katikati kama mkate:
"Hii yatoka kwa Bualem fundi bomba, dinari ishirini,
iende kwa yule asiyetaka kutajwa, naye anajijua!"
Watu wakacheka. Mejdub akameza mate,
akaendelea palepale alipoachia, kwenye silabi ileile.

Alikuwa na miaka kumi na minne, na viatu vya kakaye.
Mama yake alisugua migongo ya wanawake hamamuni,
na humo, ndani ya mvuke, ndimo mtoto alimojifunza
kwamba sauti ikigonga kigae hurudi na kitu cha ziada.
Alipoanza kutazama, wakamfukuza.
Akaimba nje, kaegemea ukuta wa tanuri,
na ndani ndoo zikakoma kugongana.

Rai ni nini? waliuliza wakubwa wa mji.
Ni rai tu, wazee wangu,
rai ya mtu ambaye hakuna aliyemuuliza.
Baba yake, mtu wa reli, hakumrai: alimpiga.
Nyimbo zenye mvinyo hazipiti mbele ya baba;
redio ikianza, mmoja lazima atoke chumbani,
na kila mara aliyetoka ni yeye, mwenye sauti.

Kanda ya kwanza tuliirekodi Oran, usiku mmoja,
ndani ya ghala la viazi. Kinanda cha kuazima,
ngoma tumeipasha moto kwa gazeti la juzi.
Mwenye duka alimlipa mara moja, taslimu, basi.
Mejdub akanunua jaketi la ngozi, na jokofu la mama.
Wakamwita Shebu, yaani kijana,
na jina hilo la ujana likamganda mpaka kwenye mvi.
Kanda ikafika Ujda; kila teksi ikawa na koo lake.
Upande wa pili nimo mimi pia,
natangaza dinari za watu waliokwisha kufa.

Kisha ikaja miaka ile. Siisemi sana.
Bahasha ilipita chini ya mlango,
ndani yake kitambaa cha sanda na kipande cha sabuni.
"Sabuni nzuri hii," alisema mama yake,
akafulia mashati ya mwanawe, akayakunja sandukuni.

Marseille kulikuwa na mvua na ukumbi mkubwa.
Alipewa wapiga gitaa wanaosoma karatasi,
wimbo dakika tatu na nusu, mwisho wake unajulikana.
Akanipigia simu: "Kada, huku hakuna anayenikatiza.
Naimba mpaka mwisho, makofi, kimya.
Nakosa pa kuvutia pumzi."
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Koo liliharibika akiwa na miaka arobaini na moja.
Akaishia kuuza kadi za simu, mtaa wa Belsunce,
na kijana mmoja mteja akamwambia: una sauti
kama ya yule wa zamani, nani vile.
"Ndiyo," akajibu, akihesabu chenji, "watu husema."

Ndege ilimleta Alhamisi.
Mama, ambaye sasa haoni, alilipapasa jeneza,
akaligonga kwa vifundo vya vidole, mara mbili,
akatega sikio.

Makaburini sikujua la kufanya na mikono.
Mazoea yana tabu. Nikatoa noti, nikaiinua,
koo langu likafunguka lenyewe mbele ya imamu:
"Hii yatoka kwa Kada mpiga mbiu, dinari mia,
iende kwa Mejdub wa Seti, msugua migongo!"

Watu wakageuka. Mmoja akasema astaghafiru.
Nami nimesimama, mkono uko juu,
kama tulivyozoea: mimi namkatiza,
yeye anameza mate,
kisha